Hoteli inayomkwepa mtoto inakwepa fedha

Mwenye hoteli ya chakula jijini Dar es Salaam anaijua bei ya kilo ya nyama, ya gunia la mkaa na ya dumu la mafuta kwa kila wiki. Asilolipigia hesabu ni mtoto wa miaka miwili anayeingia mlangoni akiwa amebebwa. Mtoto huyo haagizi bia, hamalizi hata paja moja la kuku, na akishushwa chini huanza na chupa ya tomato. Basi wahudumu wengi humwona kuwa hasara inayotembea.

Mtazamo huo si wa kibiashara. Tuchukue mfano wa meza ya Jumapili mchana yenye baba, mama, shangazi, dada wa kazi na mtoto mmoja. Wanaolipiwa sahani kamili ni wanne, lakini anayeamua waende hoteli ipi ni yule wa tano. Akilia mfululizo kwa nusu saa, wote wanne hawarudi tena, na shangazi atawaambia na majirani.

Soko lenyewe si la kubeza. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 mkoani Dar es Salaam. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka huohuo ulionyesha kwamba, kwa nchi nzima, mwanamke mmoja huzaa wastani wa watoto 4.8. Mjini wastani huo ni mdogo kuliko vijijini, lakini wafanyakazi vijana wenye mshahara wa kula nje ndio hao hao wenye watoto wanaotambaa.

Tatizo kubwa si kelele, ni muda. Kuku wa kuchoma hukaa jikoni dakika 40 au zaidi. Mtu mzima atasubiri kwa soda na mazungumzo; mtoto wa miaka miwili hana uwezo huo. Hapo ndipo anapoanza kuzunguka kati ya meza, huku mhudumu akipita na sinia la mishikaki ya moto. Dawa iko jikoni tayari: mtori, wali mweupe na maharage, au ndizi mbivu. Vyote vimeshaiva asubuhi na havina pilipili. Sahani ndogo ikitangulia dakika tano baada ya familia kukaa, wakubwa watasubiri kuku wao kwa amani na pengine wataagiza soda ya pili. Kwa nini hoteli nyingi huleta chakula cha mtoto pamoja na cha wakubwa, au baada yake, ni jambo ambalo sijalielewa.

Kiti nacho ni hivyo hivyo. Seremala wa Keko anaweza kutengeneza kiti kirefu cha mtoto kwa mbao, chenye mkanda na miguu iliyotanuka ili kisipinduke. Viwili vinatosha hoteli ya meza kumi, na hudumu miaka.

Kuna suala zito zaidi. Sehemu nyingi za nyama choma ni baa na hoteli katika uwanja mmoja, zikitenganishwa na maua tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuingizwa baa. Mwenye biashara anayetaka fedha ya familia mchana na fedha ya wanywaji usiku inampasa atenge eneo la chakula kwa uzio wa kweli, na mlango wake, na lisiwe karibu na jiko la mkaa. Bembea iliyofungwa hatua tatu kutoka kaunta ya bia haimtengi mtu yeyote.

Wazazi nao wasijifanye wateja wasio na wajibu. Kumleta mtoto saa nane mchana, wakati wake wa kulala, kisha kumlaumu mhudumu, si haki. Njooni saa sita, agizeni cha mtoto kwanza, na anayefagia wali chini ya meza mwachieni bakshishi. Na dada wa kazi aagiziwe sahani yake. Inasikitisha kuona binti anamlisha mtoto wa watu huku akingoja mabaki, na mwenye hoteli naye amekosa mauzo ya sahani moja.

Kuhusu bei, wapo wanaoshauri mtoto ale bure. Mimi sikubaliani nao. Chakula cha bure jikoni hupikwa mwisho na hutolewa kwa kununa. Afadhali nusu sahani kwa nusu bei, iandikwe kwenye orodha ya vyakula kama vingine, ili mhudumu aiingize kwenye hesabu yake ya siku na mzazi awe na haki ya kuuliza mbona imechelewa.