Kwanza Utatokea Wapi?

Kuna msemo unaopendwa sana na sisi vijana wa sayansi ya bahari: bahari shwari haitoi wanamaji hodari. Utausikia kwenye hotuba za kufunga mafunzo, utaukuta umechapwa kwenye fulana. Mimi naupinga. Kwa mtu anayepanga kuzamia na mtungi akianzia nchi kavu, kwenye mwamba ulio wazi kwa bahari kuu, huo ni ushauri mbaya. Na mara nyingi anayeutoa ni yule atakayebaki juu na daftari.

Chukua pwani ya Makunduchi, kusini-mashariki mwa Unguja. Mbele yake hakuna kisiwa cha kuvunja nguvu ya mawimbi. Upepo wa kusi, unaotawala takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, huisukuma bahari moja kwa moja hadi mwambani. Hata siku ambayo upepo umelala, mawimbi yaliyozaliwa mbali kusini mwa Bahari ya Hindi huendelea kufika. Simu itakwambia urefu wa wimbi huko kwenye maji makuu. Haitakwambia wimbi hilo litafanya nini likifika kwenye ufa wa jiwe unaotaka kupita wewe.

Halafu kuna maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya kujaa na kupwa katika Unguja hukaribia mita 4, na maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni ya kukadiria: gawa tofauti hiyo sehemu 12. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1, saa ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, kisha 2, kisha 1. Sasa piga hesabu. Maji yakiwa yamepwa unatembea juu ya mwamba hadi ukingoni. Ukizama saa 2 baada ya maji kuanza kupanda, ukakaa chini saa 1, utarudi ukute bahari imepanda karibu mita 1. Ule ukingo uliokalia ukivaa mapezi umezama, na mawimbi yanavunjika juu yake. Mlango uliongilia si mlango tena.

Ndiyo maana nasema mpango wa mbizi ya namna hii uanze na swali moja: utatokea wapi? Kina gani, samaki gani, kamera ya nani, hayo yaje baadaye. Kaa ukutazame mahali pa kutokea kwa dakika 20 angalau, kwa sababu mawimbi huja kwa makundi, na utulivu wa dakika 5 huweza kuwa ni pumziko tu kabla ya kundi kubwa. Tafuta mahali pa pili pa kutokea, upande ambao mkondo utakupeleka, na upafikie kwa miguu kabla hujapahitaji. Ukikosa pa pili, mbizi haipo. Muulize mvuvi wa pale, umwamkie kwanza kama inavyopasa, kisha usikilize jibu lote, hata lile usilolitaka.

Hewa nayo ihesabiwe kwa kutokea. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 una lita 2,400 za hewa. Anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia 40 akiwa mita 10 chini, na zaidi ya hapo akipambana na mkondo. Theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya akiba. Akiba hiyo ni ya kusubiri nje ya mawimbi hadi kundi lipite, au kuogelea hadi mahali pa pili, ukiwa bado na kifaa cha kupumulia mdomoni.

Haya yote yamo vitabuni, na wengi wetu tuna kadi za kuthibitisha kwamba tumeyasoma. Kwa nini basi tunaingia majini siku mbaya? Kwa sababu siku haichaguliwi na bahari. Inachaguliwa na gari. Gari limekodiwa Jumanne na Jumatano, posho imeandikwa siku mbili, na fedha zisipotumika zitarudi. Mwaka wa fedha wa serikali huisha 30 Juni, kusi likiwa limepamba moto. Zaidi ya hayo, mara nyingi posho hufuata kazi: hamkuzama, hamjafanya kazi, hamlipwi. Kisha kiongozi wa safari anasimama ufukweni na kuuliza kwa upole, "Kuna mwenye wasiwasi?" Mwanafunzi anayedaiwa kodi ya chumba atajibu nini?

Najua hoja ya upande wa pili. Fedha za utafiti ni chache, vibali huchukua muda, na tukisubiri bahari itulie shahada hazitaisha. Ni kweli. Lakini hebu tutazame hizo takwimu zenyewe. Tunahesabu samaki kwenye mstari wa mita 50, mita 2.5 kila upande. Maji yakichafuka kiasi kwamba huoni hata mita 2, huku wimbi likikuvuta na kukurudisha, unajaza jedwali kwa kukisia. Tumehatarisha watu ili tupate namba ambazo wenyewe tusingeziamini.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Tarehe za safari zipangwe kwa jedwali la maji na kwa majira, ndipo gari likodiwe. Posho ilipwe hata mbizi ikifutwa, maana kukaa ufukweni, kuitazama bahari na kuamua kutoingia nayo ni kazi. Na mtu yeyote, hata mdogo kuliko wote katika kundi, awe na haki ya kusema "leo hapana" bila kuulizwa sababu.

Fomu zetu zina nafasi ya saini ya msimamizi, ya mkuu wa idara na ya mhasibu. Ongezeni mstari mmoja wa kuandika mtu atatokea wapi. Ukibaki mtupu, fomu isisainiwe.