Hivi, ile J ya RJ ilikuwa ya nani?

Nilikuwa nimebanwa na kazi, lakini hili la juzi limenitoa mafichoni.

Niko kwenye daladala, natokea Mwenge naelekea Simu 2000. Nyuma yangu wamekaa mabinti wawili, kwa mazungumzo yao ni wanachuo wa pale Mlimani. Wanabishana nani zaidi, Wema au Zari. Mmoja Timu Wema, mwenzake Timu Zari, na hawataniani. Nikatega sikio. Foleni nzima hoja zilikuwa hizi: nani alipendwa zaidi na Diamond, nani aliachwa, nani alizaa naye, nani ana umbo. Uzalendo ukanishinda. Nikageuka: "Samahani wadogo zangu, nitajieni filamu moja ya Wema."

Wakatazamana. Akajibu yule yule wa Timu Wema: "Dada, kwani sisi tunaongelea filamu?"

Nilishuka sina jibu. Nimelipata leo.

Wema Sepetu alikuwa Miss Tanzania 2006, akaingia kwenye filamu, akasimama mbele ya kamera na marehemu Kanumba kwenye A Point of No Return. Zari ni mfanyabiashara kutoka Uganda, alikuja mjini na jina lake na pesa zake. Lakini kwenye ushabiki wetu wote wawili wana kazi moja tu, ya kuwa "ex" wa mtu. Mwanamke maarufu tunamsoma kama ubao wa daladala: anatoka kwa nani, anaenda kwa nani. Basi.

Mtasema haya ni mambo ya Instagram. Thubutu! Waliokuwa wanaangalia Bongo Movie miaka ile ya 2000 wanaikumbuka RJ, kampuni iliyotoa filamu kibao. R ni Ray, Vincent Kigosi. J je? J ni Johari, Blandina Chagula. Mwanamke, nusu ya jina la kampuni, wakati ambapo wanawake waliomiliki kampuni za filamu nchi hii walikuwa wa kuhesabu. Sasa kumbukeni swali tulilokuwa tunaulizana mtaani kuhusu huyu dada. Kuna aliyeuliza anapata wapi mtaji? Anauzaje kazi zake? Wapi! Tuliuliza kama anatoka na Ray. Swali la R lilikuwa filamu, swali la J likawa chumbani.

Mimi nimekulia Ubungo, enzi stendi ya mikoani iko pale, kabla haijahamia Mbezi Luis mwaka 2021. Kila Desemba tulikuwa tunapanda basi kwenda Iringa kwa bibi, na safari ilikuwa haijaanza mpaka konda aweke Bongo Movie. Kuna mwaka nakumbuka vizuri. Kwenye runinga mume anamzaba mke kibao kwa sababu amechelewa kurudi. Basi zima likalipuka. "Mwongeze!" Wanaume wanacheka, akina mama wanapiga makofi. Mama yangu mzazi, ambaye naye alikuwa anarudi usiku kutoka dukani kwake, akasema, "Na yeye kazidi." Nilikuwa na miaka tisa. Nikapiga makofi pia.

Hiyo ndiyo shule tuliyosoma. Mwanamke kwenye skrini alikuwa mchuna mabuzi, mama mkwe mchawi, mke mwema anayelia mpaka sehemu ya pili, au mdada wa mjini anayesubiri kukomeshwa. Halafu tukatoka kwenye basi tukaendelea kuwatazama waigizaji wenyewe kwa macho yale yale. Komenti tunazoandika leo chini ya picha zao ni lile lile "Mwongeze!", tofauti ni bando.

Na mimi sijasalimika. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye gazeti moja la udaku, silitaji. Nikatumwa nikamhoji mwigizaji mmoja wa kike, naye simtaji, aliyekuwa anatengeneza filamu yake mwenyewe. Alinieleza habari za mkopo, jenereta lililozimika katikati ya sini, wasambazaji waliotaka kumnunua kwa bei ya kutupa. Nikarudi chumba cha habari nimejaa furaha. Bosi akanikata kauli: "Filamu haiuzi. Anatoka na nani?" Nilikuwa na sentensi moja aliyoiteleza kuhusu mwanaume. Nikaiandika hiyo. Ikatoka ukurasa wa mbele, na jina langu chini yake. Jioni akanitumia ujumbe: "Asante mdogo wangu. Nilidhani wewe utakuwa tofauti."

Ninao mpaka leo.

Kuna watakaosema mbona hata wanaume wanaandikwa. Kweli, mapenzi ya Diamond yameandikwa mpaka wino umekauka. Lakini akitoa wimbo kesho, tunajadili wimbo. Kwake umbeya ni kachumbari pembeni ya sahani. Kwa mwanamke tumeufanya ndio pilau lenyewe.

Mwangalieni tena Wema. Mwaka 2018 alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la Sinema Zetu, kwa filamu ya Heaven Sent. Oktoba mwaka huo huo Bodi ya Filamu ikamfungia kwa sababu ya video ya faragha. Habari ya kufungiwa kila mtu aliijua ndani ya saa moja. Sitaki hapa kubishana na Bodi, nataka tuulizane sisi: ni wangapi walioisambaza ile video huku wakiandika "aibu gani hii"? Na ni wangapi waliwahi kuisambaza habari ya tuzo?

"Lakini wenyewe ndio wanajianika!" Wapo, sikatai. Mfanyabiashara hupeleka sokoni kinachonunuliwa. Ukiona kazi yako ya miezi sita imepata watu mia mbili, halafu machozi yako ya dakika mbili yamejaza simu za nchi nzima, utapeleka nini kesho?

Na msiniambie ni wanaume wametufanyia hivi. Wale mabinti wa kwenye daladala ni wanawake. Mama yangu ni mwanamke. Mimi niliyeandika ile habari ni mwanamke. Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na bado kuna waliomcheka sura yake. Karibu miaka mia imepita na mizani yetu ni ile ile.

Kwa hiyo sitaki tuache ushabiki, mimi mwenyewe ni shabiki wa kutupwa. Nasema hivi: anayejua nyimbo za wanaume na wapenzi wa wanawake huyo si shabiki, ni mmbeya mwenye bando. Kabla hujajiita Timu fulani, taja kazi tatu za huyo mtu. Ukishindwa, kaa kimya mpaka kituo chako kifike.

Kwa waandishi wenzangu, swali la kwanza liwe la kazi. Akijibu vizuri, lichapeni hilo hilo. Mimi nilikuwa na jenereta, mkopo na wasambazaji kwenye daftari langu, habari nzuri kuliko zote nilizowahi kupata. Nikaitupa.

Dada, kama unasoma hapa, nisamehe.

Naomba kuwasilisha.