Pedali ya wawa siyo jezi, acheni kununua jina la mgongoni

Haya wadau, leo nina ugomvi. Nimevumilia wiki mbili nzima, kwenye mazoezi, kwenye ngazi za hosteli, hata kwenye foleni ya wali maharage. Sasa basi. Naandika hapa ili wote msome mara moja nisije nikarudia kwa mmoja mmoja.

Suala lenyewe ni hili. Bendi yetu (tuko sita, wengi mnatujua) tumechanga hela ya kununua pedali ya wawa kwa ajili ya gitaa la solo. Hela imetoka kwenye bumu, na kuna watu hapa wamekula chapati kavu na chai ya rangi ili mchango wao utimie. Tena bado spika ya amplifaya ya besi imechanika, na kati ya waya zetu tano nzima ni mbili. Pamoja na yote hayo, wenzangu wanne wameng'ang'ania hela YOTE iende kwenye pedali yenye jina la staa. Ile iliyopakwa rangi, ina sahihi yake juu, na bei yake imeongezewa kwa heshima ya hiyo sahihi. Mimi na mpiga drums tunasema hapana. Kura ni Jumamosi.

Kwa wale ambao gitaa mnalijua kwa kulisikia tu: wawa ni ile pedali ya mguu inayofanya gitaa liseme kama mtu. Ndani yake hamna mzimu. Kuna koili, kapasita, transista mbili, resista kadhaa, na kile kidude ambacho mafundi redio wetu wanakiita voliumu. Ukikanyaga, bati lenye meno linazungusha gia iliyovalishwa kwenye voliumu, basi. Saketi inainua sehemu moja tu ya sauti, na mguu wako unaihamisha hiyo sehemu kutoka chini kwenda juu, takribani kuanzia hezi 400 hadi 2000 na kitu. Eneo hilohilo ndilo mdomo wa binadamu unalotumia sana kutofautisha irabu. Jaribu sasa hivi hapo ulipo, sema "u" halafu ifungue taratibu hadi "a". Umesema "wa". Ndiyo pedali hiyo! Kisigino chini ni u, katikati unapita kwenye o na a, vidole chini kabisa unaanza kusikia kitu kama e, na ikiwa kali mno inakuwa i ya mbu usiku.

Kwa hiyo swali la kujiuliza dukani ni moja: hii pedali inatamka vizuri kwa gitaa LANGU, kwenye amplifaya YANGU? Huyo aliyechorwa juu yake haingii kwenye hilo swali.

Na hapa ndipo wenzangu wananichekesha, maana historia yenyewe inawasuta. Wawa ilizaliwa mwaka 1966 kule California, kwenye kampuni ya Thomas Organ iliyokuwa ikishughulikia vyombo vya Vox Marekani. Injinia kijana Brad Plunkett alipewa kazi ya kupunguza gharama kwenye amplifaya, kulikuwa na swichi ya kuinua sauti za kati na yeye akaweka voliumu badala yake. Alipoizungusha ikatoka ile sauti. Wakaichukua saketi wakaiweka ndani ya pedali ya kinanda cha Vox, maana ndiyo iliyokuwepo karibu. Yaani hata lile umbo mnaloliabudu ni la kuazima kwenye kinanda.

Tena wakubwa wa kampuni walifikiria kuwauzia wapiga tarumbeta na saksafoni! Mpiga gitaa Del Casher, aliyekuwa akifanya nao kazi, ndiye aliyeona mapema kwamba hiki ni chombo cha gitaa. Pedali ilipoingia sokoni mwaka 1967 ilibeba jina na picha ya nani? Clyde McCoy. Mpiga TARUMBETA. Mzee aliyepata umaarufu miaka ya 1930 kwa kuziba na kuzibua mdomo wa tarumbeta lake. Hiyo ndiyo pedali ya kwanza kabisa ya "jina la staa" jamani, na staa mwenyewe alikuwa mpuliza tarumbeta. Kwi kwi kwi! Toka siku ya kwanza jina lilikuwa tangazo.

Sasa mwenzangu mmoja (simtaji, ana nywele ndefu) anasema anataka "sauti ya Hendrix". Mkuu, Hendrix alifariki Septemba 1970. Hakuna pedali hata moja kati ya zinazouzwa leo kwa jina lake ambayo aliwahi kuikanyaga akasema sawa, hii ipitishwe. Na yeye mwenyewe hakupiga pedali ya Hendrix! Alipiga za kawaida zilizokuwa zikiuzwa madukani. Alipoirekodi Voodoo Child (Slight Return) mwaka 1968, pedali ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushee tu sokoni. Kilichokuwa cha kipekee ni mguu, na hasa ule mwanzo ambapo anakwaruza nyuzi alizozibana, bila noti yoyote, na pedali peke yake ndiyo inaongea. Hapo jina halikusaidii. Kama mguu wako haujui kutembea na mdundo, utanunua ya laki kadhaa na bado utasikika kama mlango wa choo cha hosteli.

Hoja yao ya pili ni koili. Wamesoma mahali kwamba bila koili fulani ya Kiitaliano ya zamani, wawa ni takataka. Hapa nitawatendea haki: koili kweli inabadilisha sauti. Koili tofauti inafanya kile kilele kiwe chembamba au kipana, na sikio linasikia. Lakini kuna resista imekaa sambamba na koili, na kwenye saketi nyingi za ukoo huu ni ya kiloomu 33. Ukiweka kubwa zaidi, tuseme 47 au 68, kilele kinachongoka na pedali inazidi kutamka. Ukitaka sauti yote ishuke iwe nzito, unaongeza kapasita ile inayopanga eneo la mzunguko. Resista ni bei ya pipi. Tuna watu wanne ninaowafahamu wanaosoma umeme hapa chuoni na wana solda, mmoja analala kitanda cha juu yangu. Sasa kwa nini tulipie mara mbili kazi ambayo tunaweza kuifanya sisi wenyewe Jumapili mchana?

Bei kwa ujumla ni hivi: Cry Baby ya kawaida ya Dunlop, ile nyeusi iitwayo GCB95, kule Marekani inacheza kwenye dola 100 hivi. Za majina ya mastaa zinaanzia kwenye 150 na nyingine zinapita 200. Ongeza usafiri, ongeza ushuru, ongeza tamaa ya muuzaji. Ile tofauti ndiyo spika yetu ya besi. Ndiyo waya tatu mpya. Na kumbukeni msikilizaji wa kwenye bembea haoni pedali, anasikia besi inakoroma.

Nasema haya na sizikatai zote zenye majina. Nyingine zina vifundo vya ziada pembeni, unachagua eneo la sauti, unaongeza nguvu ukizama kwenye solo. Hivyo ni vitu vya maana, na mwenye kazi navyo anunue. Lakini muulizeni mwenzetu ni kifundo gani anakihitaji na kwenye wimbo gani. Nilimuuliza. Akanijibu, "Oya, lakini ile ina rangi kali." Chema chajiuza jamani...

Sasa nini cha kuangalia? Kwanza, ipige ikiwa IMEZIMWA. Hakuna mtu anafanya hivi. Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, sikiliza. Kisha pitisha kwenye pedali iliyozimwa, sikiliza tena. Kama ule ung'avu wa juu umepungua na gitaa linasikika limefunikwa blanketi, basi pedali inakunywa sauti yako hata ikiwa imelala. Pedali za zamani nyingi zilikuwa hivyo, swichi yake inaacha saketi imening'inia kwenye gitaa muda wote. Sisi tunaopiga zilipendwa, ambapo solo lazima lilie juu na liwe safi kama glasi, ugonjwa huo hatuuwezi. Wawa tutaitumia nyimbo tatu au nne usiku mzima, zilizobaki itakuwa imezimwa. Dawa ipo, ni swichi yenye njia za kutosha ikatenga saketi kabisa, fundi anaibadilisha. Ila ujue kabla hujalipa.

Pili, ikanyage taratibu sana kutoka kisigino hadi vidole. Ukisikia mkwaruzo krrr krrr, voliumu imechafuka au imechoka. Uchafu unasafishika kwa dawa ya kupuliza, kuchoka ni kubadilisha. Kwa pedali ya mtumba hiki siyo kikwazo, ni sababu ya kupunguziwa bei. Kama unachukia kabisa mkwaruzo kuna Morley, ambazo hazina voliumu ya kuzungushwa. Mguu unafungua na kuziba njia ya mwanga ndani, kwa hiyo hamna cha kusuguana. Mwili wake ni kama tofali, na wengine wanasema inatamka kistaarabu mno. Mimi naiona inafaa sana vumbi letu, na kama ingekuwepo ya mtumba ningeipigia kura.

Tatu, umeme. Nyingi zinakula volti 9. Ukiacha waya wa gitaa umechomekwa upande wa kuingilia, betri inaendelea kuliwa usiku kucha hata swichi ikiwa imezimwa. Chomoeni waya mkimaliza! Nimesema mara ngapi kwenye mazoezi?

Halafu kuna mshkaji kanitumia ujumbe, eti tununue boksi la efekti nyingi, lina wawa ndani na mambo mengine mia. Hili nalipinga nusu tu. Kwa anayepiga kanisani akitaka kila kitu kwa bei moja, poa. Lakini ile wawa inayojifungua yenyewe kila unapogonga uzi haikusubiri wewe, na kwenye reggae kusubiri ndiyo kila kitu. Sikilizeni Stir It Up kwenye Catch a Fire ya mwaka 1973. Gitaa lile la wawa liliongezwa London na Wayne Perkins, Mmarekani wa Alabama, na mguu wake haukimbii hata kidogo, unafunguka kivivu juu ya mdundo kama mtu anayejinyoosha baada ya kulala mchana. Mashine haijinyooshi.

Na msiniambie kwamba sisi Waafrika bila chombo cha gharama hatuwezi. Wasikilizeni WITCH wa Zambia, albamu yao ya Lazy Bones!! ya mwaka 1975. Msikilizeni Mulatu Astatke wa Ethiopia kwenye rekodi zake za mwanzoni mwa miaka ya 1970, namna gitaa la wawa linavyojibizana na zile skeli za Kihabeshi. Enzi hizo vijana walikanyaga kilichopatikana, mastaa wa gitaa walikuwa hawajaanza kubandikwa juu ya mapedali.

Jambo moja dogo, maana najua mtaliuliza: tukiipata, inakaa KABLA ya distoshani, siyo baada. Ikikaa kabla inatamka, ikikaa baada inafagia kila kitu kama ndege inaruka. Kuna wimbo wetu mmoja (ule wa mwisho) ambao pengine inafaa ikae baada, tutajaribu. Pia siyo lazima uipige kama unapampu baiskeli. Mick Ronson aliyempigia David Bowie alikuwa anaiweka mahali pamoja na kuiacha hapo, gitaa linapata pua, linatoboa katikati ya kelele. Kwa ukumbi wetu wenye mwangwi kama tanki la maji hiyo inaweza kuwa kazi yake kubwa kuliko zote.

Basi. Pendekezo langu na la mpiga drums ni hili: GCB95 ya kawaida, au Vox ya kawaida, au mtumba mzima wa chochote kati ya hivyo, na chenji yote iende kwenye spika na waya. Mwenye hoja aje na hoja, asije na kalenda ya staa.

Kura ni Jumamosi saa kumi jioni, palepale kwenye chumba cha mazoezi. Kama kuna mtu hapa chuoni ana pedali amelaza uvunguni na anataka kuiuza, aje nayo siku hiyo, na tafadhali aje na betri, ile yetu ya kwenye tuner mtu kaihamishia kwenye redio yake.