Kupiga Picha Nyumbani Si Ushamba

Leo nimeshika kalamu niseme jambo linalonikereketa rohoni tangu likizo ya Agosti.

Likizo hiyo baadhi yetu tulihudhuria mafunzo ya kupiga picha. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, na kamera zilikuwa mbili tu, tena za kuazima. Mwalimu alitupa sharti moja: kila mmoja achague mada yake, abaki nayo wiki zote tatu, kisha alete picha kumi. Hapo ndipo kivumbi kilipoanza.

Wenzangu wengi walikimbilia Nguzo ya Vasco da Gama, machweo ya jua na watalii wa ufuoni. Mimi nikasema nitapiga picha za shangazi yangu, ambaye ni mama karanga kule Shela (Shela ya hapa Malindi, si ile ya Lamu). Lo! Darasa zima likaangua kicheko. "Mama karanga? Moshi na magamba?" Mmoja akaniambia, "Wewe ni mshamba kweli! Nani atatazama picha ya karai?"

Kwa walimu wetu waliotoka bara, mama karanga ni mwanamke anayenunua samaki kwa wavuvi, akawakaanga na kuwauza. Watoto wengi wa mji huu wamelipiwa karo na karai hilo, na mimi ni mmoja wao. Basi kicheko kile kiliniuma, nami nikaamua kujibu kwa kalamu.

Sisemi nguzo isipigwe picha. Vasco da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498, na hiyo ni historia yetu, tupende tusipende. Magofu ya Gede nayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2024, na sote tulifurahi. Lakini hebu tuulizane. Nguzo ile imepigwa picha na karibu kila mgeni aliyekanyaga Malindi. Wewe mwenye zamu ya kamera saa mbili kwa siku utaongeza nini? Utasimama pale pale aliposimama mtalii, uone kile kile alichokiona, kisha urudi nyumbani ukidhani umeona. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Sisi ni wanafunzi wa shule ya kutwa. Wenzetu wa bweni hutucheka ati hatuna nafasi ya kusoma usiku. Sawa, lakini jioni sisi twarudi nyumbani. Kila siku twapita sokoni, kwa fundi baiskeli, kwenye kinu cha posho, kwa wasuka makuti. Mambo hayo tunayajua kwa harufu kabla hatujayaona. Mada nzuri ya picha ni ile unayoweza kuirudia kesho na kesho kutwa, kwa sababu jambo halijioneshi siku moja.

Nitawapa mfano. Agosti ni wakati wa kusi na bahari huwa kali. Siku za kwanza nilipiga picha za mafuta yakichemka, tasi wakigeuzwa na wateja wamejipanga. Picha zilikuwa nzuri, lakini hata mgeni angezipata. Siku ya tano upepo ulizidi, mashua hazikutoka. Shangazi alifika kama kawaida yake. Alilifunika karai kifudifudi juu ya mafiga yaliyopoa, akaketi juu ya ndoo, akatazama baharini. Mtoto wa jirani akaja na sarafu zake mkononi, akasimama, akarudi bila kuuliza. Nilipiga picha moja tu siku hiyo. Nikiulizwa kusi ni nini, nitaonyesha hiyo. Mtu apitaye mara moja hawezi kuipata picha ile, maana hajui karai hujaa lini.

Kuna jambo jingine, na hili ni langu mwenyewe. Nilipokuwa darasa la tatu, mgeni mmoja alinipiga picha ufuoni nikiwa nimebeba ndoo ya samaki, kifua wazi, kamasi zinanitiririka. Hakuniuliza jina. Alicheka, akanipa peremende, akaenda zake. Hadi leo sijui picha ile iko wapi. Huenda imetundikwa ukutani mwa mtu, huenda ilitupwa zamani. Ninachojua ni kwamba mimi nimo ndani yake na sina jina. Ni kweli macho hayana pazia, lakini macho hutazama yakaacha kitu mahali pake. Kamera huchukua.

Nilipomwomba shangazi ruhusa, aliniuliza swali moja: "Hizo picha zitanirudia, mwanangu?" Nilinyamaza. Nilikuwa nimefikiria mwanga na pembe ya kusimama, sikufikiria hilo. Ikabidi niahidi kumletea nakala. Naye akaniwekea masharti yake: nisimpige akiinama kupuliza moto, na nisimpige mteja anayekopa! Masharti hayo yalinifunza mengi, maana yalinilazimu kumtazama mtu kama yeye apendavyo kutazamwa.

Msidhani jina na mahali ni mambo madogo. Mwaka wa 1985 mtafiti kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda, huku huku Kilifi, akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake marehemu. Kigango, kama tujuavyo, hakiondolewi kiliposimikwa. Muda si muda vigango vile vikaibwa. Miaka ikapita. Mwishowe kimoja kilitambuliwa katika jumba la makumbusho la chuo kikuu kimoja cha Marekani, na cha pili kikapatikana katika jumba jingine huko huko. Picha ile ndiyo iliyokuwa shahidi, kwa sababu mpigaji alijua ni mzee yupi, wa wapi na mwaka gani. Mwaka wa 2007 vigango vilirudi kwa familia. Je, ingekuwa picha ya "mzee wa Kiafrika na vinyago", ingemrudishia nani chochote?

Najua mtaniuliza, "Mbona Mohamed Amin alikwenda mbali akapata sifa?" Kweli, picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984 ziliutikisa ulimwengu mzima. Hata hivyo, tusisahau kwamba Amin alizaliwa Nairobi mwaka wa 1943, akaanza kupiga picha akiwa mwanafunzi Dar es Salaam, na akaendelea kuipiga picha Afrika Mashariki hii hii hadi alipofariki katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara mwaka wa 1996. Kazi yake ilianzia pale alipokuwa.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wetu. Mafunzo hayo yakirudi, kila mwanafunzi aulizwe kwanza: watu wa mada yako unawajua majina, na picha utawarudishia? Asiye na jibu asikabidhiwe kamera siku hiyo, aende kwanza akaamkie watu. Hata anayechagua Gede anaweza kujibu. Amuulize jina mlinzi anayefagia majani pale kila asubuhi, aanze naye. Pia naomba chama chetu kitenge ukurasa mmoja wa gazeti hili kwa picha za wanafunzi, na kila picha iandikwe jina, mahali na tarehe.

Nakala ya shangazi nilimpelekea. Aliitazama ile ya karai lililofunikwa kwa muda mrefu, kisha akasema, "Siku ile sikuuza hata kichwa." Akaipangusa kwa ncha ya leso na kuitia ndani ya Biblia yake.

Haya ni maoni yangu. Asiyekubaliana nami na achukue kalamu anijibu katika toleo lijalo. Wasalaam.