Bakuli la Mbwa wa Kazi Likae Chini

Wafugaji wengi wa mbwa wakubwa wameshika desturi ya kuweka bakuli la chakula juu ya kinara, ili mbwa ale bila kuinamisha shingo. Husema kwamba mbwa mrefu akila hivyo hamezi hewa nyingi, na kwa sababu hiyo tumbo lake halivimbi. Rai hii yapendeza masikioni, na aliyeianzisha hapana shaka alikuwa na nia njema. Lakini nia njema si ushahidi. Mbwa wa jeshi au wa polisi ni mali ya umma, tena ni mwenzi wa askari katika doria ya usiku. Kabla ya kuingiza desturi hii katika mabanda yetu, yatupasa kuuliza kama yamlinda au yamdhuru.

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Mbwa mkubwa mwenye kifua kilichoshuka na kiuno chembamba aweza kujaa hewa katika tumbo la chakula, kisha tumbo hilo likajipinda kama mdomo wa gunia unaosokotwa. Njia ya kuingilia na njia ya kutokea zote hufungwa. Hewa haitoki, wala damu hairudi moyoni inavyostahili. Mbwa aliyekula vizuri jioni aweza kukutwa mzoga kabla ya gwaride la asubuhi. Mbwa wa aina ya German Shepherd, ambao ndio nguzo ya vikosi vingi vya mbwa duniani, wamo katika hatari hiyo.

Sasa tuutazame ushahidi. Mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, nchini Marekani, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia mbwa 1,637 wa aina 11 za mbwa wakubwa, wakiwamo Rottweiler na Great Dane. Waliona kwamba hatari huongezeka kwa mbwa mwenye umri mkubwa, kwa mbwa ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja amewahi kuugua, kwa mbwa anayekula kwa pupa, na kwa mbwa anayelishwa katika bakuli lililoinuliwa. Walikadiria kwamba miongoni mwa mbwa wakubwa kiasi cha asilimia 20 ya maradhi hayo yalihusiana na bakuli la juu, na miongoni mwa mbwa wakubwa kupita kiasi asilimia 52. Jambo lililosifiwa kuwa kinga likaonekana kuwa miongoni mwa visababishi.

Wapo watakaopinga kwamba German Shepherd hakuwamo katika aina zile 11, na kwamba uchunguzi uliofuata baadaye haukuona uhusiano huo. Wanasema kweli, na haifai kuificha. Lakini wapimaji wa hoja watambue jambo moja: katika uchunguzi huo wote, haukupatikana uthibitisho kwamba bakuli la juu hupunguza hatari. Upande mmoja pana uwezekano wa madhara. Upande wa pili hapana faida iliyothibitishwa. Kamanda mwenye busara akipewa njia mbili za namna hiyo hahitaji kuitisha baraza. Tena bakuli la chini halihitaji hata senti moja ya bajeti.

Jeshi la Marekani, ambalo mbwa wake hufunzwa Lackland, Texas, limelichukulia tishio hili kwa uzito mkubwa, hata madaktari wake huwapasua mbwa wa kazi wangali wazima na kulishona tumbo la chakula kwenye ukuta wa mwili ili lisiweze kujipinda. Si kila nchi yenye uwezo huo. Lakini nidhamu ya kulisha iko ndani ya uwezo wetu sote.

Posho ya siku igawanywe mara mbili au zaidi. Isitolewe yote kwa mkupuo mmoja. Kila mbwa ale peke yake, kwa maana mbwa anayemwogopa jirani hula kwa pupa. Mwenye pupa atiwe katika bakuli lake jiwe kubwa laini asiloweza kulimeza, ili alizunguke na kula polepole. Akisha kula apumzishwe. Asitolewe mbio uwanjani. Mbwa mzee mwenye maumivu ya shingo, au mwenye ugonjwa wa koo, aweza kuhitaji bakuli la juu, lakini hiyo iwe amri ya daktari wa mifugo, wala isiwe hiari ya mtunzaji.

Mwisho, kila mtunzaji azijue dalili kama ajuavyo namba ya bunduki yake: tumbo gumu lililovimba, kujaribu kutapika pasipo kutoka kitu, mate mengi, kutotulia, ufizi kupauka. Akiziona, asingoje kupambazuke wala asitafute dawa ya kienyeji. Amwamshe mkubwa wake wa zamu, na gari litoke saa ile ile kumpeleka mbwa kwa daktari. Mbwa hawezi kupiga saluti na kueleza maumivu yake; ameliacha jukumu hilo kwa askari anayeishika kamba yake.