Mgongo usiouma nao wahitaji picha

Yafaa wakuu wa afya watambue kuwa kutoumwa si uzima. Nasema hivi kwa ajili ya ndugu zetu wa Kibera waliovunjika uti wa mgongo kwa kuanguka kazini mjengoni, kugongwa na matatu au kuangushwa na bodaboda, wakarejea Laini Saba na Makina kwenye viti vya magurudumu.

Jeraha hilo likikata mishipa ya fahamu, mtu hahisi maumivu chini yake wala hatambui jinsi mwili ulivyokaa. Maumivu ndiyo mlinzi wa viungo. Mlinzi akilala, pingili husagana kila mgonjwa anapoketi au kubebwa kwenye vichochoro visivyopitika kwa gurudumu, na baada ya miaka mifupa humeguka na kuteguka. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alieleza uharibifu wa viungo wa aina hii mwaka wa 1868, miaka 27 kabla ya eksirei kugunduliwa.

Mgonjwa husema tu kwamba mgongo unaalika, au kwamba siku hizi anaegemea upande. Akiulizwa anaumwa wapi, hana jibu. Naonelea asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo. Eksirei mbili, moja akiwa ameketi na nyingine amelala, zikilinganishwa zaweza kufichua pingili zilizoachana.

Kuna hatari nyingine, na kwangu ndiyo kubwa zaidi: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Picha za maradhi haya mawili zaweza kufanana kama shilingi kwa ya pili. Kifua kikuu mara nyingi hula upande wa mbele wa pingili na kukusanya usaha kandokando; ugonjwa wa Charcot huharibu mbele na nyuma, ukaacha vipande vya mifupa. Mashine za CT na MRI husaidia kutofautisha, ingawa mara nyingine lazima kipande kitolewe kikapimwe maabarani. Wakikosea, mmoja atameza dawa za miezi mingi bure huku uti ukizidi kuvunjika, na mwingine atanyimwa dawa zake.

Hospitali za Kenyatta na Mbagathi ni jirani za Kibera, lakini bei ya picha haijui ujirani. Serikali ilianza kukodisha mashine za picha kwa hospitali za kaunti mwaka wa 2015, na Oktoba 2024 SHA ikachukua mahali pa NHIF. Naiomba bima hiyo igharimie picha za mara kwa mara kwa kila aliyepooza kwa jeraha la uti, aumwe asiumwe. Na muuguzi wa zahanati afunzwe kumwuliza: siku hizi unaketije?