Barua ya Murangi: Habari za Wenzetu wa Daftari

Mwezi huu sina habari za pamba wala mihogo. Nina habari za watu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Ni mmoja wa wale mliowaita walimu wa UPE. Mwezi Novemba 1974 chama cha TANU kilikutana mjini Musoma. Kiliazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe shuleni. Walimu hawakutosha. Vyuo peke yake visingeweza kutoa walimu wengi hivyo kwa muda mfupi. Basi, kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walisomea ualimu kwenye shule za msingi karibu na kwao. Tulifundisha, na saa nyingine tukawa wanafunzi. Tulisoma kwa posta na kwa redio. Kisha tulikaa chuoni majuma sita. Hadi 1984 walimu zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Wapo waliotuita walimu wa kuokoteza. Haya. Lakini madarasa yalijaa watoto, na sisi ndio tuliokuwamo.

Kundi letu tulikuwa 24. Siku ya mwisho chuoni tuliandika majina yetu kwenye daftari moja. Daftari hilo ninalo mimi. Panya wamelitafuna pembeni, lakini majina yanasomeka. Mwenzetu akifariki, naandika mwaka mbele ya jina lake. Sasa majina 13 yana mwaka.

La 13 nililiandika juzi. Huyu tulilala naye chumba kimoja chuoni. Alikuwa Bugwema, si mbali na hapa. Alifariki wakati wa masika. Mimi nilikuwa na namba yake ya simu ya zamani. Kila mara nilisema, nitakwenda kumwona nikimaliza kupalilia. Nilipofika, kaburi lilikuwa limeota nyasi. Shemeji alinipa kiti. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Shemeji ana shida. Kwenye cheti cha ualimu marehemu aliandika jina la babu. Kwenye kitambulisho cha taifa aliandika jina la baba. Shemeji akifuatilia mirathi anaambiwa hao ni watu wawili. Basi wenzake watatu tulikwenda kuapa mbele ya hakimu kwamba ni mtu mmoja. Tulibeba na daftari. Hakimu alilitazama sana. Shauri bado linaendelea.

Ndugu msomaji, leo jioni fungua sanduku lako. Toa karatasi zako zote. Soma jina lako herufi kwa herufi. Kama majina hayafanani, anza kurekebisha ungali hai. Hakuna shahidi wa jina lako anayekupita wewe.

Habari njema ipo pia. Mwenzetu wa Bukima anaona. Alikaa nyumbani miaka mitatu akishikwa mkono na mjukuu. Alidhani ni uzee. Mwenzetu mwingine, aliyewahi kupasuliwa jicho, alimtazama akasema, "Hiki ni kile kile changu." Akampeleka hospitali. Kweli, ulikuwa mtoto wa jicho. Ugonjwa huu hufunika mboni kama ukungu, na dawa za majani haziuondoi. Daktari hutoa kilichofunika na kuweka kioo kidogo ndani ya jicho. Siku bandeji ilipofunguliwa, alimtazama mwenzake akasema, "Kumbe umezeeka hivi!" Walicheka mpaka muuguzi akawanyamazisha.

Wengine wazima, ila magoti. Mmoja anafuga kuku, mmoja bado anafundisha watoto wa jirani bila malipo, ingawa mkewe hapendi.

Wenzetu wawili hatujui walipo. Walihama zamani. Kama hapo kijijini kwenu yupo mwalimu mzee aliyesomea ualimu kwa redio na posta, mwulize alisoma na nani. Akitaja Murangi, mwambie daftari bado lipo, na mstari wake hauna mwaka.